Sura Iliyofika Nyeusi

Mimi ni fundi cherehani. Kwa miaka tisa chumba changu cha kazi na cha Mama Kopi vilitenganishwa na ukuta wa mbao, mwembamba kiasi kwamba yeye akipiga chafya, mimi naitikia "pole" bila kunyanyua kichwa. Haya ninayoyasimulia mengine niliyaona kwa macho yangu, mengine niliyasikia kupitia ukuta ule, na mengine alinieleza mwenyewe baadaye, siku alizokuwa na nguvu ya kuyaeleza.

Mama Kopi hakuwa na mtoto. Jina hilo alipewa na wateja. Kutwa nzima walikuwa wanasimama mlangoni: "Mama, kopi mbili!" "Mama, kopi ya kitambulisho, mbele na nyuma!" mpaka likamganda. Mgeni akimuuliza Kopi ana umri gani, yeye humwonyesha mashine iliyokaa juu ya meza karibu na dirisha. "Ndiye huyo, kifungua mimba wangu. Anakula karatasi kutwa, wala hanenepi."

Mashine yenyewe ilikuwa ya kijivu, pana kama sanduku la nguo, ya zile zinazofanya kila kitu: inatoa nakala, inachapa, inasafisha picha, inatuma na kupokea faksi. Aliipata wakati ofisi aliyokuwa akipiga chapa ilipofungwa; wakubwa walimruhusu kuondoka nayo pamoja na laini ya simu. Miaka hiyo simu za mkononi zilikuwa za watu wachache, na hizo chache hazikujua kupiga picha. Ofisi za serikali, bandari na hospitali zilikuwa zinaiamini faksi kuliko binadamu aliyekuja mwenyewe kwa miguu.

Ufundi alikuwa nao. Watu walitoka mitaa ya mbali kuja kusafisha picha kwake, wakipita maduka mengine matatu yenye mashine mpya kuliko yake. Alikuwa anapangusa karatasi ya kung'aa kwa kitambaa laini, anaipima upande wa kulia na wa kushoto kwa ncha ya kidole, anaiweka uso chini, kisha anaingia kwenye menyu na kubonyeza taratibu: aina ya karatasi, ukubwa, ubora wa juu kabisa, picha ijae mpaka ukingoni. Mteja mwenye haraka akianza kulalamika, anamwambia, "Wenzako wanabonyeza kitufe cha kijani halafu wanaomba Mungu. Mashine haiombwi, baba. Mashine inaambiwa."

Kwenye faksi hakuwa anahangaika sana. Wateja wake wa faksi walikuwa mawakala wa mizigo, na mawakala wanatuma barua na fomu. Kwa hiyo aliiweka upande wa maandishi, inatuma haraka, laini haikai muda mrefu, basi. Tena aliiweka ijipokelee yenyewe, mlio wa kwanza tu. Hiyo ilikuwa kwa ajili ya mama yake. Bi mkubwa alikuwa amepooza upande mmoja, na kila mchana Mama Kopi alifunga chumba akaenda nyumbani kumgeuza, kumlisha na kumbadilisha. Saa mbili nzima. Hakutaka faksi za watu zipotee.

"Fundi," aliniambia, "ukisikia inaita, usihangaike. Inajipokea. Wewe shona."

Nami nikashona.

Alikuwa na ndugu mmoja tu, mdogo wake, mwashi. Wenzake wa kazini walimwita Timazi, kama ule uzi wenye chuma ambao waashi huning'iniza kupima kama ukuta umesimama wima, kwa sababu alikuwa mrefu, mwembamba, amenyooka, na hana maneno. Alikuja kwangu mara nyingi kusubiri dada yake amalize kazi. Anakaa kwenye kigoda, magoti yanamfika kidevuni, anatazama sindano inavyopanda na kushuka. Siku moja alikaa hivyo saa nzima, kisha akasema, "Kazi yako nzuri, fundi. Ukikosea unafumua." Hayo ndiyo maneno mengi kuliko yote niliyowahi kuyasikia kutoka kwake.

Alikuwa na kifafa tangu utotoni. Hakikumjia mara kwa mara, lakini kikimjia kilimwangusha popote. Dada yake alimlea na ugonjwa huo. Yeye ndiye aliyekuwa akimshika kichwa akiwa mtoto, yeye ndiye aliyemkumbusha vidonge akiwa mtu mzima na ndevu zake. Timazi alipopata kazi kwenye mji mwingine, mwendo wa saa saba kwa basi, walibishana wiki nzima. Niliwasikia. Dada anasema, "Nani atakushika huko?" Timazi anajibu, "Dada, nina miaka thelathini na minne."

Akaenda.

Miezi mitatu ya kwanza alikuwa anapiga simu kila Jumapili kwenye laini ya duka, na Jumapili Mama Kopi alikuja kukaa pale makusudi, akaizuia mashine isipokee, akasubiri. Mwezi wa nne simu zikakatika. Tulisema labda kazi imebana. Tulisema labda amepata mchumba, Mama Kopi akacheka, akasema huyo mchumba atakuwa bubu au atakuwa mwongeaji kupita kiasi, katikati hapana.

Jumatatu moja asubuhi akaja mwashi mwenzake, mtu mnene mwenye sauti ya radi wanayemwita Zege. Alikuwa amefika mjini kwa shughuli zake, akapita kusalimia.

"Timazi yuko?" akauliza. "Mwambie nimekuja na ile pima-maji yake ya kupimia kuta, aliisahau."

Mama Kopi akaacha mkasi. "Timazi si mko naye huko?"

Zege akamtazama, kisha akanitazama mimi niliyekuwa nimesimama mlangoni. "Kazi ilisimama, dada. Alitutangulia. Wiki mbili sasa zinakaribia. Alisema anakuja huku moja kwa moja, nilimsindikiza mwenyewe mpaka karibu na kituo cha mabasi."

Mama Kopi hakupiga kelele. Alikaa chini, akavuta simu, akaanza kupiga. Polisi wa mji ule hawakuwa na habari. Hospitali ya mji ule ilimpitisha kwa watu watatu mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akimwambia asubiri, mpaka akafika kwa karani wa kumbukumbu, kijana kwa sauti, mwenye adabu. Mama Kopi aliiweka simu kwenye sauti ya nje, kwa hiyo nilisikia yote.

"Dada, wasiojulikana tunao wawili wanaume," karani alisema. Zikasikika kurasa zikifunuliwa. "Wako chumba cha baridi, dada. Pole. Daftari linasema warefu, wembamba, hawana karatasi, wote wawili. Siwezi kukwambia zaidi ya hapo."

"Nakuja," Mama Kopi akasema.

"Usijisumbue kwanza. Ni safari ndefu na huenda si yeye. Una picha? Tutumie kwa faksi tuangalie. Ila tuma leo hii, muda wao wa kukaa humu unakaribia kwisha."

"Na nitajuaje?"

"Akifanana tutakupigia namba hiyohiyo. Tusipokupigia, ujue si yeye, umtafute kwingine."

Akashukuru. Nakumbuka vizuri: alishukuru, akamwombea kijana yule heri.

Angeweza kwenda. Jambo hili amelirudia kwangu mara nyingi kuliko nywele za kichwa changu. Basi lilikuwepo mchana ule. Lakini mama yake alikuwa kitandani, nani wa kumgeuza? Na mbele yake kulikuwa na mashine ambayo ndiyo kazi yake, ambayo anaijua kama kiganja chake. Mtu aliyemwambia tuma picha alikuwa amemgusa palepale anapojiamini.

Picha ya Timazi ilikuwa moja tu, amesimama nyuma ya watu kwenye harusi ya binamu yao, shati jeupe, uso nusu umeinama. Akaiweka kwenye kioo cha mashine, mashine ikaisoma, naye akawaondoa watu wote wa harusi mmoja mmoja mpaka akabaki ndugu yake peke yake. Akaikuza. Akachukua karatasi ya kung'aa, ile nzuri aliyoiweka kwa ajili ya picha za mahafali, akaipangusa, akaiweka uso chini. Ubora wa juu. Bila ukingo. Mashine ikachukua muda mrefu, ikitoa picha kwa vipande vidogo vidogo, paji la uso, macho, mdomo. Ilipotoka tuliinama wote watatu, mimi, yeye na Zege.

"Duh," Zege akasema. "Kama atasema."

Kweli ilikuwa safi. Mpaka nyuzi za kola ya shati zilihesabika. Mama Kopi akaipuliza ikauke, akaibandika katikati ya karatasi nyeupe, akaandika chini jina kamili, umri, kazi, na namba ya simu kwa herufi kubwa. Akailaza kwenye kioo, akafunga kifuniko, akapiga namba ya hospitali. Mashine ikalia, ikanong'ona, ikatulia. Ikatoa kikaratasi cha ripoti: ukurasa mmoja, umetumwa, sawa.

Akakishika kikaratasi kile, akapumua. "Sawa," akakisoma kwa sauti. Zege alimwachia ile pima-maji, akaenda zake.

Jumatatu ikapita. Jumanne, Jumatano. Simu haikuja. Alhamisi asubuhi alifika kazini akiwa na uso mwingine kabisa, kama mtu aliyepona homa. "Si yeye, fundi," aliniambia. "Wangekuwa wamepiga. Labda amepitia kwa mtu njiani, unamjua alivyo, hasemi. Akija nitamchapa viboko na ndevu zake." Siku ile aliimba wakati anakata picha za pasipoti. Aliwaambia wateja watabasamu ingawa mwenyewe anajua picha za pasipoti hazitaki tabasamu. Alimwambia mama yake kuwa mwanawe yuko salama ila ni mvivu wa kupiga simu. Akaanza kupiga polisi wa miji ya katikati, mmoja baada ya mwingine, kwa sauti changamfu kabisa. Siku tano alikuwa hivyo. Mimi siku hizo tano ndizo zinazonichoma kuliko zote.

Jumanne iliyofuata, jioni, akaingia wakala wa mizigo amevimba kwa hasira. Jana yake Mama Kopi alimtumia faksi kwenda ofisi kuu ya kampuni yake, fomu ya ajira ya dereva pamoja na picha ya huyo dereva.

"Mama Kopi, umeniaibisha!" akasema na kupiga kiganja mezani. "Bosi amenipigia anauliza kama nimemtumia dereva au kopo la lami. Fomu inasomeka vizuri, picha nyeusi tititi! Haina macho, haina pua!"

Nilikuwa naingiza uzi kwenye sindano. Nilisubiri nimsikie akijibu, maana majibu alikuwa nayo siku zote. Nikainuka nikaenda kuchungulia.

Alikuwa amesimama na mikono hewani, kama mtu aliyeambiwa asisogee. Kisha akafungua droo, akatoa kile kitabu cha maelekezo kilichokuja na mashine, akakipekua harakaharaka akirarua kurasa nyingine. Akafika ukurasa wa faksi. Akasoma kwa kidole. Palikuwa na mistari mitatu tu pale: maandishi, maandishi madogo, picha. Chini yake imeelezwa kwamba ukituma picha kwa mpangilio wa maandishi, sehemu zote zenye giza zitafika nyeusi.

"Niliacha kwenye maandishi," akasema. Hakuwa anasema nami wala na wakala. "Nilihangaika na karatasi ya kung'aa, nikaacha kwenye maandishi."

Wakala akaona mambo yamemzidi, akatoka bila fomu yake.

"Lakini wangenipigia," akasema Mama Kopi, na safari hii alinigeukia mimi. "Si wangenipigia waseme picha haionekani? Namba niliandika kubwa. Hawakupiga."

Hapo ndipo nilipokumbuka.

"Iliita," nikasema.

"Nini?"

"Mashine. Wiki iliyopita. Jumanne mchana ulipokwenda kwa mama, na Jumatano mchana. Iliita mara moja, ikalia ule mlio wake wa filimbi, ikanyamaza. Nikajua imejipokea."

"Hakukuwa na faksi yoyote niliporudi kutoka nyumbani."

"Sikujua, dada. Uliniambia nisihangaike."

Akanitazama. Hakunitazama kwa hasira, laiti angekasirika. Akageukia mashine, akaingia kwenye menyu, akashuka mpaka kwenye orodha ya simu zilizoingia, akabonyeza kuchapa. Karatasi ikatoka. Ile namba ya hospitali ilikuwepo mara tatu. Jumanne saa saba na dakika kumi. Jumatano saa nane kasoro. Na ya kwanza kabisa, Jumatatu ileile saa kumi jioni, sekunde kumi na mbili. Hakuna faksi iliyopokelewa.

"Jumatatu saa kumi nilikuwa hapa," akasema polepole. "Nilikuwa nakata picha za wale wanafunzi. Iliita nikiwa hapahapa, nikasema namba imekosewa. Sikuizuia isipokee, kama nilivyokuwa nafanya Jumapili."

Akapiga hospitali; ofisi ya kumbukumbu ilikuwa imeshafungwa, akaacha ujumbe kwa mlinzi kwamba anakuja. Alfajiri ya Jumatano tuliondoka na basi la kwanza. Mke wangu alibaki na bi mkubwa. Njiani Mama Kopi alizungumza mara moja tu, tulipokuwa tumemaliza nusu ya safari. "Wako wawili," alisema. "Si lazima awe yeye. Wako wawili." Nikasema ndiyo.

Karani wa kumbukumbu kweli alikuwa kijana, mwenye miwani iliyofungwa kwa gundi upande mmoja. Mama Kopi alipotaja shida yake, kijana akasimama. Akafungua faili, akatoa karatasi, akaiweka mbele yetu.

Jina lilisomeka vizuri. Umri, kazi, namba ya simu, kila herufi safi. Katikati palikuwa na pande jeusi, na chini ya weusi ule pembe mbili nyeupe za kola ya shati. Basi.

"Nilikupigia, dada," karani akasema. "Mara tatu. Kila nikipiga napokelewa na mlio sikioni. Nikadhani laini mbovu." Akavua miwani, akaifuta ingawa haikuwa na vumbi. "Jana usiku mlinzi aliponipa ujumbe wako kwamba unakuja, nilikaa nikafikiri: ningekuandikia kwa faksi. Mstari mmoja tu, picha haionekani, njoo. Mashine yako ingepokea. Sikuwaza. Wallahi sikuwaza."

"Wako wapi?" Mama Kopi akauliza.

"Manispaa waliwachukua Jumamosi. Wote wawili. Siku kumi na nne zilikuwa zimekwisha."

Wakatuletea mifuko miwili ya nguo. Wa kwanza haukuwa na kitu tunachokijua. Wa pili ulipofunguliwa niliitambua suruali kabla ya Mama Kopi, kwa sababu kiraka cha goti la kulia nilikishona mimi, kwa uzi wa bluu maana mweusi ulikuwa umeniishia, na Timazi akasema haidhuru. Nilitaka kuuficha mfuko ule. Nilifikiri, kwa sekunde moja ya wendawazimu, nikisema simjui labda atabaki hai. Lakini tayari alikuwa ameona uso wangu.

Hakulia pale. Alikunja suruali, akaipanga pindo kwa pindo, akaomba kumwona mtu aliyemhudumia ndugu yake mara ya mwisho.

Tukapelekwa nyuma, kwenye chumba cha maiti, kwa mhudumu mmoja mtu mzima mwenye buti za mpira. Alimkumbuka. Alisema aliletwa na watu wa kituo cha mabasi, ameanguka akapiga kichwa kwenye ukingo wa barabara, mkoba wake haukuonekana. Aliishi siku mbili wodini bila kuzinduka.

"Alikuwa mwashi, siyo?" mzee akauliza. "Nilijua kwa mikono. Saruji huwa haitoki kwenye kucha. Niliwaambia watu wa manispaa, huyu mtu ana kazi yake, ana watu wake, msiharakishe. Wakaniambia nionyeshe karatasi."

"Alifunikwa?" Mama Kopi akauliza.

"Nilimfunika mimi. Shuka jipya. Nimekwambia, nilijua ana watu."

Makaburi ya manispaa yalikuwa nyuma ya karakana ya magari ya taka. Palikuwa na matuta mawili mapya, kila moja na kibati chenye namba. Na hapo ndipo palipomvunja. Kwa sababu daftari la manispaa liliandika miili miwili, namba mbili, tarehe moja, lakini halikuandika nani yuko wapi. Msimamizi alikuna kichwa, akasema anadhani yule aliyeanguka kituo cha mabasi ni huyu wa kushoto. Anadhani. Mama Kopi akapiga magoti katikati ya matuta yale mawili, mkono mmoja huku, mwingine kule, akalia kilio ambacho sijapata kukisikia tena na siombi kukisikia. Mimi nilisimama nyuma yake na mfuko wa nguo, sijui nifanye nini na mikono yangu.

Kumwambia mama yake ilikuwa siku ya pili. Nilikuwepo, aliniomba niwepo. Bi mkubwa alisikiliza ametazama dari, mdomo umepinda upande kama ulivyompindia ugonjwa. Kisha akasema, kwa ule ulimi wake mzito: "Uliniambia yuko salama."

"Nilikosea, mama."

"Nilikuwa nimefurahi," bi mkubwa akasema.

Hakumtaja tena mwanawe mpaka alipofariki, miezi minne baadaye. Wakati huo Mama Kopi alikuwa bado anaandikiana na manispaa kuomba kibali cha kufukua, apimwe, ajulikane, arudishwe nyumbani. Barua zilikwenda na kurudi. Mara wanataka idhini ya mahakama, mara ya daktari, mara faili limehamishwa. Mama yao alipozikwa, barua zilikoma. Aliniambia hana tena mtu wa kumrudishia.

Aliendelea na duka karibu miaka miwili, lakini hakuwa yule. Kwenye faksi alikuwa mkali kupita kiasi: akimaliza kutuma anapiga simu kule ilikokwenda, anauliza, "Mmeipata? Inasomeka? Nisomee mstari wa mwisho." Wateja walicheka, wengine walichoka wakahamia kwa wengine. Hakuwajali. Mchana alikuwa haendi popote tena. Hakuwa na wa kumwendea. Alikaa karibu na simu, anatafuna mkate mkavu.

Kuna jambo nilikaa nalo muda mrefu, nikamwambia siku moja mvua ilipotufungia ndani. Nilimwambia kwamba ile Jumatano simu ilipoita nilikuwa nimesimama nje ya mlango wake, na ufunguo wa akiba alioniachia ulikuwa mfukoni mwangu. Nilifikiria kuingia. Sikuingia kwa sababu nilikuwa na suti ya bwana harusi ya kumaliza.

Akasema, "Asante kwa kuniambia," akainuka akafunga duka mapema. Wiki tatu hakuongea nami zaidi ya salamu. Baadaye akaanza tena, kidogokidogo, na hatukulitaja jambo lile. Sijui kama alinisamehe. Sikuuliza, nilihofia jibu.

Mwishowe aliuza meza na rafu, akaichukua mashine yake na kuhamia kwenye mji ule. Watu walidhani amechanganyikiwa. Alipanga chumba kimoja karibu na hospitali, akaenda kwa yule karani mwenye miwani ya gundi, wakaenda wote kwa mganga mkuu, akaeleza anachotaka. Alipewa nafasi ndogo kwenye ofisi ya kumbukumbu. Mgonjwa akiletwa hajulikani, hana fahamu, hana karatasi, Mama Kopi anapiga picha yake kwa kamera ya hospitali, anaisafisha kwa ubora wote anaoujua, anaibandika kwenye ubao getini: ameonekana wapi, lini, ana alama gani. Nakala nyingine anazituma kwa faksi hospitali na vituo vya polisi vya miji ya jirani, kisha anapiga simu kila mahali kuuliza kama uso unaonekana.

Nilikwenda kumtembelea mwaka wa kwanza. Amezeeka, amekonda, mvi zimejaa. Matuta yote mawili ameyajengea, Zege na wenzake walikuja wakafanya kazi siku mbili, na yote mawili yameandikwa jina lilelile, la ndugu yake. Nilimuuliza ubao unasaidiaje. Akasema tangu aanze amebandika picha kumi na tisa. Waliotambuliwa na ndugu zao wakiwa hai, mmoja. Waliotambuliwa baada ya kufa, watatu.

"Na waliobaki?" nikauliza.

"Wapo," akasema. "Hawa sasa wanazikwa na sura. Nimewaambia manispaa waweke picha kwenye faili, na namba ya kaburi nyuma yake."

Alikuwa anakata kingo za picha mpya kwa mkasi. Bibi kizee, macho yamefumbwa, kovu juu ya nyusi. Aliletwa na dereva mmoja wa lori aliyemkuta kando ya barabara kuu. Akanisogezea picha mezani.

"Unamfahamu?"

Nikasema hapana. Mimi ni mgeni pale, ningemfahamia wapi?

"Angalia vizuri, fundi."

Nikaishika kwenye mwanga wa dirisha, nikaitazama tena, muda mrefu. Sikumfahamu. Akaichukua mkononi mwangu, akachukua pini nne, akatoka kwenda getini.